Plagi Baridi kwa Injini ya Naitrasi

Naitrasi oksaidi haiwaki. Kazi yake ndani ya injini ni moja tu, kubeba oksijeni. Hewa ya kawaida ina oksijeni kiasi cha asilimia 23 kwa uzito, naitrasi ina asilimia 36. Joto la silinda likifika karibu nyuzi 300 za Selsiasi, molekuli zake huvunjika na kuachia oksijeni hiyo, na injini ikaweza kuunguza petroli nyingi kuliko hewa peke yake ingeruhusu. Nguvu yote ya ziada hutoka kwenye petroli hiyo. Faida ya pili ni ubaridi: gesi hutoka mtunguni ikiwa kimiminika, na inapogeuka mvuke joto lake hushuka hadi nyuzi 88 chini ya sifuri, hivyo hewa inayoingia silindani hupoa na kuwa nzito zaidi.

Joseph Priestley aliitengeneza naitrasi oksaidi mwaka 1772, na madaktari wa meno wakaja kuitumia kutuliza maumivu. Katika Vita Kuu ya Pili Wajerumani waliifunga kwenye baadhi ya ndege za Messerschmitt Bf 109, kwa mfumo ulioitwa GM-1, ili injini zisikose pumzi kule juu ambako hewa ni nyepesi. Leo hutumika pia kwenye magari ya barabarani, na huko kinachoamua kama injini itapona au itatoboka pistoni ni kifaa kidogo mno: plagi.

Ncha ya plagi inatakiwa ikae kati ya nyuzi 500 na 850 hivi. Chini ya hapo masizi hayaungui, hujikusanya kwenye kauri na kuiba cheche. Juu ya hapo ncha huwa kaa la moto linalowasha mchanganyiko kabla cheche haijaruka, na pistoni inayopanda hukutana na mlipuko uso kwa uso. Watengenezaji hudhibiti joto hilo kwa urefu wa pua ya kauri. Pua ndefu hulazimisha joto lisafiri mbali kabla ya kufika kwenye chuma cha plagi na kutorokea kwenye silinda hedi. Hiyo ndiyo plagi ya moto. Pua fupi hulitoa joto haraka. Hiyo ndiyo plagi baridi. Cheche yenyewe ni ile ile. Wanaodhani plagi baridi hutoa cheche dhaifu wamekosea, na kosa hilo limewafanya wengi wabaki na plagi za kiwandani huku wakiongeza naitrasi.

Chukua plagi ya NGK yenye maandishi BPR6ES. Herufi B ni uzi wa milimita 14, P ni ncha iliyochomoza, R ni rezista inayozuia kelele za umeme zisivuruge redio na kompyuta ya gari, E ni uzi wenye urefu wa milimita 19. Namba 6 ndiyo kiwango cha joto. Kwa NGK na Denso namba ikipanda plagi ni baridi zaidi. Kwa Bosch na Champion ni kinyume, na hapo ndipo fundi asiyesoma katalogi hununua plagi ya moto akidhani amenunua baridi. Kanuni inayotumika sana ni kushuka hatua moja ya joto kwa kila nguvu za farasi 75 hadi 100 zinazoongezwa. Gari la nguvu 150 linaloongezewa nguvu 75 litatoka BPR6ES kwenda BPR7ES. Kwa gari linalokwenda kazini kila siku, kupita hapo si busara: kwenye foleni plagi baridi mno haifikii nyuzi 500, na injini huanza kukosa moto.

Gepu, yaani nafasi kati ya elektrodi ambamo cheche huruka, nayo hupunguzwa. Silinda iliyojaa gesi nzito yenye shinikizo kubwa huizuia cheche kuruka, kwa hiyo gepu ya milimita 1.1 hubanwa hadi 0.9 au 0.8, na hupimwa kwa fila geji, plagi moja moja.

Plagi haitoshi bila marekebisho mengine. Petroli huungua na hewa kwa uwiano wa uzito wa 14.7 kwa 1, lakini na naitrasi ni karibu 9.5 kwa 1. Pampu ya mafuta isiyoweza kufikisha kiasi hicho huacha oksijeni ya ziada, na moto ukawa mkali kupita kiasi. Kwa kuwa mwako huwa wa haraka, taimingi, yaani wakati wa cheche kuruka, hucheleweshwa karibu nyuzi 2 za mzunguko wa injini kwa kila nguvu 50. Swichi huruhusu gesi pale tu mguu ukiwa umekandamiza mafuta hadi mwisho. Mtungi huwekwa kwenye shinikizo la psi 900 hadi 950 wakati wa kupima, kwa sababu mtungi ulioachwa kwenye gari lililoegeshwa juani Mombasa husukuma gesi nyingi kuliko ile iliyopimiwa petroli.

Baada ya mbio moja ya nguvu zote kwa plagi mpya, injini huzimwa pale pale bila kuachwa inguruma, kisha plagi husomwa kwa kioo cha kukuza. Kauri yenye vidoa vyeusi kama pilipili manga imeonja kugonga kwa injini. Vishanga vinavyong'aa ni alumini ya pistoni iliyoanza kuyeyuka; hapo naitrasi huachwa kabisa hadi chanzo kijulikane. Kwenye elektrodi ya pembeni, mstari wa rangi uliobadilishwa na joto ukiwa karibu na kona ni sawa; ukiwa umeshuka hadi karibu na shina, taimingi iko mbele mno au plagi ni ya moto. Marekebisho huanza na petroli, hufuata taimingi, mwisho plagi baridi zaidi. Plagi zote hupangwa mezani kwa mpangilio wa silinda, maana naitrasi na petroli inayotoka kwenye nozeli moja hazikati kona za njia ya hewa kwa namna ileile, na silinda ya mwisho inaweza kuwa inaungua peke yake wakati tatu za mbele ni salama.