Akiba haiozi, ila 'picha' ya kompyuta si akiba

MKULIMA wa Kapkatet, Kaunti ya Kericho, akishapima majani yake ya chai kituoni, hurudi nyumbani na kitu kimoja tu: kumbukumbu ya kilo. Majani yenyewe yameshapelekwa kiwandani. Malipo ya kila mwezi, pamoja na bonasi inayolipwa mara moja kwa mwaka, hutegemea tarakimu hizo.

Siku hizi hesabu za aina hii huwekwa katika kompyuta badala ya madaftari. Kwa sababu hiyo, namna ofisi inavyohifadhi nakala za kompyuta zake si suala la mafundi pekee. Linamhusu kila mtu ambaye jasho lake limegeuzwa tarakimu.

Ofisi nyingi, ziwe za vyama vya akiba na mikopo, shule au hospitali, hutumia kompyuta pepe. Hii si mashine ya kushikika, bali ni programu inayoigiza kompyuta kamili ndani ya seva. Seva moja yaweza kubeba kadhaa: moja ya hesabu, nyingine ya mishahara, ya tatu ya barua pepe. Kila moja ina diski yake, na kwa kawaida diski hiyo ni faili kubwa tu iliyohifadhiwa ndani ya seva.

Kwa kuwa diski ni faili, wengi hudhani kuinakili ni kazi nyepesi. La hasha. Kompyuta pepe ikiwa kazini, faili hiyo hubadilika kila wakati. Anayeinakili wakati huo ni kama karani anayenakili daftari huku mwenzake akiendelea kuliandika: ukurasa wa kwanza utakuwa wa saa mbili, wa mwisho wa saa tatu, na jumla hazitalingana.

Hapo ndipo inapofaa ile inayoitwa picha ya papo hapo. Fundi akiamuru picha ipigwe, faili ya diski hufungwa isiandikwe tena, na mabadiliko yote yanayofuata huingia katika faili nyingine mpya. Mambo yakiharibika, tuseme programu mpya imegoma, kompyuta hurejeshwa katika hali yake ya awali kwa muda mfupi.

Urahisi huo ndio mtego. Picha hiyo si nakala ya pili ya diski. Faili mpya ina mabadiliko tu, nayo haina maana bila ile ya kwanza. Aidha, mara nyingi zote mbili zimo katika seva ile ile. Eneo la Kericho linajulikana kwa ngurumo na mvua ya mawe. Radi ikiiunguza seva, au mwizi akiibeba, vyote hupotea kwa pamoja.

Isitoshe, faili ya mabadiliko huzidi kunenepa, na yaweza kuijaza seva na kuipunguzia kasi. Kampuni ya VMware hushauri picha moja isitumike kwa zaidi ya saa 72.

Utaratibu ufaao ni huu. Kwanza, hifadhidata iamriwe kukamilisha maandishi yake. Pili, picha ipigwe. Tatu, faili iliyofungwa inakiliwe katika kifaa kingine, pamoja na faili ya maelezo ya jinsi kompyuta hiyo pepe ilivyoundwa. Nne, picha ifutwe ili mabadiliko yaunganishwe na faili ya kwanza.

Wataalamu huongeza kanuni ya 3-2-1: nakala tatu, katika vifaa vya aina mbili, na moja iwekwe mbali. Ofisi ya Kapkatet yaweza kuweka hiyo ya mbali mjini Bomet au Nairobi. Machi 10, 2021, moto uliteketeza jengo la seva la kampuni ya OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa. Baadhi ya wateja waligundua kwamba nakala zao zilikuwa papo hapo penye moto.

Hata nakala iliyo mbali haitoshi ikiwa haijajaribiwa. Januari 31, 2017, mhandisi wa kampuni ya GitLab alifuta hifadhidata kimakosa. Walipotafuta nakala zao za kawaida, walikuta hazikuwa zikihifadhiwa. Waliokolewa na nakala iliyochukuliwa takriban saa sita kabla, kwa kazi nyingine kabisa. Yaliyoandikwa katika hifadhidata hiyo kwa saa hizo sita yalipotea.

Nchini Kenya, Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inahimiza uwezo wa kurejesha data za watu kwa wakati ufaao pakitokea hitilafu. Kwa hivyo, mwanachama anayehudhuria mkutano mkuu wa mwaka ana haki ya kuuliza zaidi ya kiwango cha gawio. Aulize pia: ni lini mara ya mwisho nakala ilipofunguliwa katika mashine nyingine, na je, hesabu zilipatikana zikiwa kamili?

Ofisi isiyoweza kutaja tarehe hiyo bado haina akiba. Ina matumaini tu.