Namba ya Posta Iliyoficha Sumu

Aliyewahi kujaza fomu ya ufadhili wa nje anaijua hii kero: unafika kwenye kisanduku cha postikodi, unakwama. Mimi mwaka wa kwanza niliandika 00000, fomu ikakubali, nikasahau. Juzi, nikitafuta mada ya semina ya takwimu, ndipo nilipojua namba hiyo inaweza kufanya nini.

Marekani walianza kutumia namba zao, ZIP, tarehe 1 Julai 1963. Tarakimu tano, kazi moja: kumsaidia karani kuchambua barua haraka. Mipaka yake inafuata njia za mpeleka barua, wala haijali mpaka wa mji au bomba la maji linapoishia.

Lakini namba ikishakaa kwenye kila anwani, nani ataiacha? Kampuni za bima ya gari zikaitumia kupanga bei, wafanyabiashara kukisia kipato cha mtu. Watafiti nao wakaona hapo pana njia ya mkato.

Sasa twende Flint, Michigan. Aprili 2014 mji huo ulianza kuchota maji ya Mto Flint. Maji yalikuwa yanakula mabomba, na hayakutiwa dawa ya kuzuia kutu, hivyo madini ya risasi yakaingia kwenye maji ya kunywa. Wazazi wakapiga kelele. Idara ya afya ya jimbo ikachukua vipimo vya damu vya watoto, ikavipanga kwa ZIP, haikuona cha kutisha.

Kumbe karibu theluthi ya nyumba zenye ZIP za Flint ziko nje ya mji, na hazikutumia maji yale kabisa! Watoto wa huko waliingizwa kwenye hesabu, wakaizimua. Ni kama kuongeza maji kwenye chai ya rangi halafu ukasema haina majani. Daktari wa watoto Mona Hanna-Attisha, akisaidiwa na mwanajiografia Richard Sadler, alivipanga vipimo upya kwa anwani halisi za nyumba. Septemba 2015 akatangaza: watoto wenye risasi nyingi mwilini wameongezeka karibu maradufu. Mwezi uliofuata mji ukarudi kwenye maji ya Detroit. Ilikuwa imepita mwaka na nusu, na watoto walikuwa wanakunywa tu.

Postikodi zetu Tanzania zimepangwa tofauti: kanda, mkoa, wilaya, kisha kata. Angalau zinafuata mipaka ya utawala. Ila kata nayo ni pana, jamani. Masaki ya mabalozi na Msasani ya wavuvi ziko kata moja. Ukipiga wastani wa hapo, umempata nani?

Data nilizopewa za semina zimepangwa kwa kata. Nimeomba za mtaa, bado sijajibiwa.