Kijana na Mchezo wa Kuigiza

Katika karne ya 19 wapagazi Wanyamwezi walitoka Tabora kwenda Bagamoyo. Kirongozi alitangulia, amejipamba kwa manyoya. Mmoja aliimba, wengine wakaitikia, na watu wa vijijini wakatoka kuwatazama. Hapana aongozaye wimbo asiyejifunza kwanza kuuitikia.

Kijana atakaye kuwa mwigizaji na aifuate njia hiyo. Akubali sehemu ndogo katika mchezo wa shuleni. Ayahifadhi maneno yake moyoni, ayaseme wazi hata aketiye nyuma ayasikie. Awaangalie watu: jinsi mzee aendavyo na mchuuzi aitavyo wanunuzi. Kisha asome michezo kwa sauti pamoja na wenzake, kama Mabepari wa Venisi, mchezo wa Shakespeare uliofasiriwa na Julius Nyerere, aliyeingia shule ya Tabora mwaka 1937. Wala asiache masomo, maana asiyesoma vema atayashikaje maneno?

Akidumu, safari yaweza kumfikisha Bagamoyo kama wapagazi wale, kwa kuwa huko kuna chuo cha sanaa kilichoanzishwa mwaka 1981. Lakini adharauye sehemu ndogo hafiki. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.