Pasi ya Vivutio London na Paris: Panga Siku Kwanza, Bei Baadaye

Ukianza tu kutafuta habari za safari ya London, tangazo la pasi ya vivutio litakufuata hadi siku ya kupanda ndege. Lipa mara moja, linasema, uingie kwenye vivutio zaidi ya themanini na uokoe hadi nusu ya viingilio. Hesabu hiyo ina ukweli wake, kwa sababu viingilio vya London ni ghali. Mtu anayeweza kumaliza sehemu nne kubwa kabla jua halijazama, pasi itamlipa. Wengi wetu hatuwezi, na tukijilazimisha tunarudi nyumbani na picha za milango.

Tuipime siku moja. Tower of London, ngome ya karne ya 11 iliyo ukingoni mwa mto Thames, hutoza mtu mzima karibu pauni 35. Ukiwahi mlangoni saa tatu asubuhi, nenda moja kwa moja kwenye vito vya kifalme kabla foleni haijajikunja uani. Kisha mfuate mmoja wa wale walinzi wa kale wanaotembeza wageni na kuwasimulia habari za vifungo na vichwa vilivyokatwa; masimulizi hayo yamo ndani ya kiingilio, na mtu akiyakosa amekosa nusu ya ngome. Panda Mnara Mweupe, tazama kunguru, na tayari ni saa sita mchana. Kula, ingia kwenye treni ya chini ya ardhi, ushukie Westminster, kwenye Westminster Abbey, kanisa ambamo wafalme wa Uingereza wametawazwa tangu 1066. Hapo ni karibu pauni 30, na kwa mtu anayesoma maandishi ya makaburini ni saa mbili. Ukitoka, kanisa kuu la St Paul's liko karibu kufunga mlango kwa wageni wa siku hiyo.

Umeona sehemu mbili, umezionea raha, na kwa tiketi za kawaida umelipa kama pauni 65. Pasi ya siku moja huwa inakaribia pauni 100. Ili irudishe fedha zake ilibidi uongeze sehemu ya tatu, na pengine ya nne, yaani umkatishe yule mlinzi masimulizi yake.

Muuzaji atajibu kwamba pasi ya siku nyingi hupunguza gharama ya kila siku. Ni kweli, ila siku hizo hufuatana, na kila moja inadai sehemu zake mbili tatu za kulipia. Hapo ndipo London inapotofautiana na miji mingine. Tangu Desemba 2001 makumbusho yote ya kitaifa hayatozi kiingilio kwa maonyesho yake ya kudumu. British Museum ni bure. National Gallery ni bure. Tate Modern, Victoria and Albert, Natural History Museum na Science Museum, zote ni bure. Michango huombwa mlangoni, lakini hailazimishwi. Vitu bora vya mji huo, kwa maoni yangu, viko ndani ya majumba hayo, na pasi haiongezi chochote humo.

Kwa msomaji wa Kiswahili suala hili lina uzito wake. Mwaka 2010 British Museum na BBC zilisimulia historia ya dunia kupitia vitu 100 vya jumba hilo, na vitatu kati yake vilitoka Tanzania: zana mbili za mawe kutoka Olduvai, na vigae vya vyombo kutoka ufukwe wa Kilwa Kisiwani. Vigae hivyo havina mng'ao wa dhahabu, lakini humo mna vya kaure ya Kichina, vya vyombo vya Mashariki ya Kati na vya vyungu vilivyofinyangwa hapa hapa pwani, vyote vikiwa ushahidi wa biashara ya Bahari ya Hindi. Angalia katalogi yao mtandaoni kabla ya kwenda ujue kama vimewekwa hadharani na viko chumba gani, kisha ujipe asubuhi nzima. Asubuhi hiyo ikiangukia katika siku ambayo pasi inafanya kazi, inakugharimu pauni kadhaa kwa kila saa, ingawa jumba lenyewe halikudai hata senti. Hili ndilo linaloniudhi katika pasi: inawasukuma watu wakimbie vyumba ambavyo wangevipenda kuliko vyote.

Kuna mitego midogo pia. Pasi nyingi za London huhesabu siku za kalenda, kwa hiyo ukiifungua saa tisa alasiri, siku nzima imehesabiwa. Usiiguse siku unayotua baada ya kukesha ndani ya ndege. Jumapili Westminster Abbey na St Paul's ni za ibada, hazipokei watalii. Nauli za mjini kwa kawaida hazimo. Kwa hizo gusisha kadi yako ya benki kwenye mashine ya kituoni, na mfumo wenyewe utaacha kukutoza ukishafika kikomo cha siku. Na lile fungu la "utakachookoa" mara nyingi limejazwa na ziara ya basi la ghorofa lililo wazi juu, ambayo bei yake ni kubwa na ambayo huenda usingeinunua kamwe.

Paris hesabu inageuka. Kule Louvre, Orsay, Sainte-Chapelle, Tao la Ushindi na Versailles zote hutoza, na Paris Museum Pass inazibeba zote, tena kwa saa 48, 96 au 144 badala ya siku za kalenda. Zaidi ya hapo, tangu Januari 2026 Louvre inamtoza mgeni asiye raia wala mkazi wa Eneo la Kiuchumi la Ulaya euro 32, wakati mtu wa eneo hilo anaendelea kulipa 22. Ushauri mwingi ulioandikwa na Wazungu kwa Wazungu hauhesabu tofauti hiyo, kwa hiyo mtu wa Mombasa au Mwanza apige hesabu yake mwenyewe. Mpenda makumbusho mwenye siku nne mjini humo, mimi humshauri aichukulie pasi kwa uzito. Ila ajue kwamba Louvre na Versailles humtaka aweke nafasi ya saa hata akiwa na pasi mkononi, kwamba Louvre hufunga Jumanne, Orsay na Versailles Jumatatu, na kwamba mnara wa Eiffel haumo. Watoto wasiotimiza miaka 18 huingia bure karibu kote humo. Kuwanunulia pasi ni kutupa fedha.

Kwa hiyo andika orodha yako kabla hujaiona ya muuzaji. Ukiiona yake kwanza, utaanza kutamani jumba la sanamu za nta ambalo hukuwahi kuliwaza. Kando ya kila jina weka bei iliyo kwenye tovuti ya mahali penyewe, futa yasiyotozwa, gawa yaliyobaki kwa siku, mawili kwa siku au matatu ukiwa na miguu ya kijana, kisha linganisha jumla na bei ya pasi. Ukiwa na vijana wanaotaka kuona kila kitu mbiombio, pasi inaweza kushinda, na basi inunue bila wasiwasi.

Ila usiinunue kabla ya viza. Kwa viza ya Uingereza majibu huchukua wiki tatu hivi, wakati mwingine zaidi, na ombi linaweza kukataliwa. Soma masharti ya kurudishiwa fedha kwa pasi ambayo haijafunguliwa, na kama hayako wazi, subiri hadi viza itoke.