Pikipiki Katika Mteremko wa Tukuyu

Pikipiki ni chombo chenye manufaa mengi: hubeba abiria na mikungu ya ndizi, hupita katika lami na katika tope. Lakini mwenye kuimiliki wilayani Rungwe hana budi kuielewa sayansi ya kuteremka, kwani maisha yake na ya abiria wake hutegemea elimu hiyo.

Mji wa Tukuyu uko zaidi ya meta 1,500 juu ya usawa wa bahari. Ziwa Nyasa, upande wa Kyela, liko chini ya meta 500. Msafiri aendaye ziwani hushuka basi zaidi ya meta 1,000. Tuchukue pikipiki ambayo, pamoja na dereva, abiria na mzigo, ina kilo 300. Nishati itokanayo na mshuko huo yatosha kuchemsha zaidi ya lita 8 za maji baridi. Sehemu yake huchukuliwa na upepo na matairi. Inayobaki, ikiachiwa breki peke yake, hugeuka joto ndani yake. Breki iliyopata joto mno hupungukiwa na msuguano: dereva huikanyaga, nayo haishiki.

Dawa yake ni injini. Gia ndogo ikiingizwa kabla ya mteremko, na petroli ikipunguzwa, gurudumu la nyuma ndilo huizungusha injini, nayo injini hulipinga. Hivyo breki hupumzika. Anayetoa gia ili kuokoa petroli huokoa kidogo tu, na breki huachiwa kazi yote.

Jambo la pili ni kona. Kani inayohitajika kuipindisha pikipiki hukua kwa mraba wa mwendo. Mwendo ukitoka kilometa 40 kwa saa ukafikia 60, kani hiyo huwa mara mbili na robo. Nayo hutoka pale tu tairi linapogusa barabara, mahali padogo kama kiganja. Rungwe ni wilaya ya mvua nyingi, na lami iliyolowa hushika tairi kwa nguvu pungufu. Tairi linalofungwa breki kwa nguvu huku likipinda hutakiwa kufanya kazi mbili kwa pamoja, na huweza kuteleza.

Kwa hiyo mwendo upunguzwe kabla ya kona, pikipiki ikiwa bado imenyooka. Na breki zikianza kulegea kwa joto, dereva asimame kando ya barabara, aziache zipoe kabisa ndipo aendelee na safari.