Kisangani: Stesheni Ipo Ng'ambo, Abiria Yuko Huku

Anayetoka kwetu Eringeti akaishika barabara ya taifa RN4 kuelekea kaskazini hupita Luna, Komanda, Mambasa, Nia-Nia na Bafwasende hadi anafika Kisangani. Wafanyabiashara wa Beni na Butembo wanaijua njia hiyo, pamoja na matope yake. Lakini msafiri akitaka kuendelea kwa treni hadi Ubundu, anakuta tatizo lililouelemea mji ule kwa zaidi ya karne nzima: katikati ya mji ni ukingo wa kulia wa mto Kongo, na stesheni iko ukingo wa kushoto, komine ya Lubunga. Daraja hakuna.

Haikutokea hivyo kwa bahati mbaya. Kati ya Ubundu na Kisangani mto unashuka kwenye maporomoko saba ya Boyoma, na meli haipiti. Kampuni ya reli ya CFL ya tajiri Mbelgiji Édouard Empain, iliyoanzishwa mwaka 1902, ikajenga reli ya kilomita 125 kuyazunguka maporomoko hayo. Ilifunguliwa mwaka 1906, enzi Kisangani ikiitwa Stanleyville na Ubundu ikiitwa Ponthierville. Shabaha ilikuwa kutoa shehena kwenye meli za juu na kuipakia kwenye meli za chini. Kwa kazi hiyo, stesheni iliyo kando ya maji, upande wowote ule, ilitosha. Mama mwenye kikapu anayetoka Makiso, katikati ya mji, hakuwamo katika hesabu, na hadi leo hajaingizwa.

Mfuate mama huyo na bidoni lake la mafuta ya mawese la lita 20, siku anayorudi na mali kutoka upande wa Ubundu. Linashushwa kutoka behewani hadi chini. Linabebwa kutoka stesheni hadi ukingoni. Linateremshwa kwenye mteremko wa udongo, ambao mvua ikinyesha unateleza hata kwa asiye na mzigo. Linaingizwa mtumbwini. Ng'ambo linatolewa, linapandishwa ukingo mwingine, ndipo linafungwa kwenye pikipiki au pusupusu. Kila mkono unaoligusa unalipwa, na kila mara linaponyanyuliwa linaweza kumwagika. Tukisema usafiri wa reli ni rahisi kuliko wa lori, tuhesabu na fedha hizi zinazobaki ukingoni, maana hazimo katika bei ya tiketi.

Wengi wakisikia habari hii hujibu neno moja: daraja. Daraja lingefaa kweli, lakini Dar es Salaam inatufundisha tusiharakishe. Daraja la Kigamboni lilifunguliwa Aprili 2016, nao watembea kwa miguu wakaendelea kumiminika kwenye pantoni ya Magogoni. Sababu ni nyepesi: daraja liko Kurasini, mbali na katikati ya mji, ilhali pantoni inamshusha mtu pale pale penye shughuli zake. Mwenye gari akiambiwa azunguke, anaongeza mafuta. Mwenye miguu anaongeza saa nzima juani. Hata Kisangani ikipata daraja kesho, likijengwa mbali na gati, abiria wa treni atabaki na mtumbwi wake.

Kwa hiyo mimi ningeanzia ukingoni. Maji ya mto hupanda na kushuka kwa majira, na ngazi iliyojengwa kwa kimo kimoja huzama wakati fulani, na wakati mwingine huishia hewani. Panahitajika gati la kuelea linalofuata maji, pande zote mbili, na juu yake ngazi pana za zege zenye ukanda laini pembeni kwa ajili ya baiskeli na pusupusu. Panahitajika taa, kwa sababu treni isiyo na saa ya uhakika hufika hata usiku. Jaketi la kuokolea kwa kila kichwa mtumbwini. Banda la kungojea, choo na maji safi. Kina mama wanaouza chakula njiani wasifukuzwe. Wapangiwe nafasi, kwani penye wachuuzi msafiri hayuko peke yake.

Na stesheni yenyewe iwe na utaratibu wa kupanda treni. Mwezi Mei 1997 wakimbizi wa Rwanda waliokuwa kando ya reli hii, eneo la Biaro, walisongamana kwenye mabehewa, na treni ilipofika Kisangani zaidi ya 90 walikuwa wamekufa. Jambo hilo halipaswi kusahauliwa na yeyote anayechora mlango wa stesheni ile.

Haya yote ni madogo ukiyaweka kando ya bei ya injini mpya ya treni. Hayafanyiki kwa sababu hayana mwenyewe. Reli na stesheni ni mali ya SNCC, kampuni ya taifa ya reli, yenye makao yake Lubumbashi. Kivuko cha magari ni kazi ya Office des Routes, ofisi ya taifa ya barabara. Njia za mtaani ni za mji. Mitumbwi ni ya wenye mitumbwi. Ule mteremko wa udongo katikati yao, ambao kila abiria lazima aukanyage, hauna ofisi inayowajibika nao, na ndio unaovunja watu miguu.

Sisi wa Eringeti hatuna reli, lakini hali hii tunaijua. Watu wetu waliokimbia mashambulizi kwenda Oicha na Beni, wengi wao walikwenda kwa miguu, watoto mgongoni, wakigawana barabara na malori na pikipiki. Barabara inapotengenezwa, linaloulizwa ni lori litapita vipi, si mwenye miguu atapita wapi.

Mazungumzo ya kukarabati reli ya Ubundu hurudi kila baada ya muda. Yatakaporudi tena, wabunge wa jimbo la Tshopo na viongozi wa mji wa Kisangani wadai gati na ngazi viandikwe ndani ya mkataba ule ule wa mataruma na injini, na kazi ianzie hapo.