Chimba Shimo Kabla ya Kutuma Pesa

Video za viwanja tunazotumiwa huku ughaibuni mara nyingi hupigwa kiangazi. Dalali anatembea na simu mkononi, nyasi zimekauka, gari limefika mpaka kwenye bikoni, na sauti inasema: "Bosi, eneo tambarare kabisa, halina hata jiwe." Hayo ndiyo maneno ya kukutia shaka. Hati utampa mwanasheria, mipaka ataihakiki mpima. Udongo hautajwi kwenye mkataba wa mauziano, na ndio utakaobeba nyumba.

Swali la kwanza ni rahisi: kiwanja kiko juu ya mteremko, katikati, au bondeni? Uzito wa swali hili uligunduliwa kitaalamu kule kule nyumbani. Miaka ya 1930, Geoffrey Milne, mkemia wa udongo katika kituo cha utafiti cha Amani, Usambara Mashariki, alikuwa akiandaa ramani ya udongo wa Afrika Mashariki. Ukishuka kutoka kileleni hadi bondeni, aliona, unapita aina tatu au nne za udongo. Kilima cha pili kinarudia mfuatano uleule. Kwenye ramani ndogo huwezi kuchora kila kipande. Mwaka 1935 akapendekeza mfuatano mzima uhesabiwe kuwa kitu kimoja, akauita katena, na wataalamu wa udongo duniani wanalitumia jina hilo hadi leo. Lakini wakulima wa Usukumani walikuwa na majina ya hatua hizo tangu zamani: luseni kwenye kichanga cha juu, itogolo chini ya mteremko, mbuga bondeni.

Kinachoupanga udongo hivyo ni maji. Juu yanapita haraka, chuma kinabaki na kupata kutu, ndiyo maana udongo ni mwekundu. Chokaa na madini mengine yanayoyeyuka husafiri na maji mpaka chini, na huko hujenga udongo mweusi wa mfinyanzi wa mbuga. Chembe za udongo huu zimepangana kama kurasa za kitabu, na maji huingia kati ya kurasa. Masika unavimba, kiangazi unasinyaa na kupasuka nyufa ambazo mkono mzima unaingia.

Mkulima anaupenda. Unashika maji, ndiyo maana Shinyanga kuna majaruba ya mpunga mbugani. Fundi mwashi ana habari nyingine. Udongo ulio katikati ya nyumba umefunikwa na sakafu, unyevu wake haubadiliki sana. Wa pembeni unapigwa jua na mvua kwa zamu. Basi pembe za nyumba zinashuka kiangazi na kuinuka masika. Tofali halijui kupinda, linapasuka, mara nyingi kimshazari kuanzia kwenye pembe ya dirisha au mlango. Utapiga lipu na rangi, na mwaka ujao ufa utakuwa pale pale.

Udongo mweusi hauhitaji bonde kila mara. Kitengela, Syokimau na Athi River, upande wa kusini-mashariki wa Nairobi, ni uwanda wa mwamba wa volkano ambako maji hayana pa kukimbilia. Matokeo ni udongo wa mfinyanzi wa aina hiyohiyo. Nenda upande wa pili, Kikuyu na Limuru, unakanyaga udongo mwekundu wenye kina. Kwenye uwanda ule kuna ishara ambayo hata video ya dalali haiwezi kuificha: migunga mifupi yenye vivimbe vyeusi vilivyotobolewa na sisimizi wadogo wanaoishi ndani, na upepo ukipita kwenye vitundu vile miti inapiga mluzi. Mgunga huo hupenda udongo mweusi kweli kweli.

Kwa hiyo mwombe ndugu yako, si dalali, alipe vijana wachimbe shimo la kina cha mita moja na nusu hivi, kisha apige picha ukuta wa shimo. Utaona tabaka: weusi unaishia wapi, moramu au mwamba unaanzia wapi. Achukue udongo wa chini, aulowanishe, ausokote viganjani. Ukikatika-katika, una mchanga wa kutosha. Ukitoa uzi mwembamba unaoweza kupindwa ukawa pete, ni udongo wa mfinyanzi. Amwage pia ndoo ya maji shimoni, arudi kesho yake. Maji yakiwa bado yamesimama, shimo la choo nalo halitanyonya, na utakuwa ukiita gari la majitaka kila mara. Akiwa hapo, apige picha kuta za majirani, uone kama zina nyufa.

Dar es Salaam shida kubwa zaidi huwa maji yenyewe. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011, baadhi ya wakazi wa bonde la Msimbazi walihamishiwa Mabwepande. Bondeni usinunue, hata kama bei inakubembeleza.

Watu huchanganya vipimo. Watafiti wa kilimo wa TARI Mlingano kule Tanga, wa maabara ya SUA Morogoro, au wa KALRO Kabete watakupimia tindikali na rutuba, wakwambie kama mahindi yanahitaji chokaa. Hawapimi kama ardhi itabeba ghorofa. Hilo ni la mhandisi na maabara ya ujenzi.

Na kama umeshanunua, hujapoteza kiwanja, umeongezewa gharama. Kama tabaka jeusi ni jembamba, huondolewa lote, kisha hujazwa moramu na kushindiliwa. Likiwa nene, mhandisi huenda akashauri msingi wa zege ulioenea chini ya nyumba nzima. Weka mifereji ya paa inayotupa maji mbali na kuta, jenga njia ya zege kuzunguka nyumba, na ule mwembe unaoutaka mbele ya sebule uupande mbali na msingi, kwenye uzio.